Essaouira, mji walioachiwa wavuvi

UPEPO WA PWANI
Na Mwinyi Shekue

Wageni wengi wanaofika Essaouira, kwenye pwani ya Atlantiki ya Moroko, hukimbilia ngome kwanza. Siwalaumu. Mizinga ya zamani imepangwa safu juu ya ukuta, midomo yote baharini, na mandhari yake ndiyo yaliyomvuta Orson Welles kwenda kupigia pale filamu yake ya Othello, iliyotunukiwa tuzo kuu ya Cannes mwaka 1952. Ila anayetaka kuujua mji wenyewe apite Bab el-Marsa, lango la mawe lenye hilali tatu zilizochongwa, aingie bandarini.

Mashua za buluu zimebanana hadi maji hayaonekani. Wavuvi wameketi chini, wavu umenaswa kwenye kidole gumba cha mguu ili ukazike, mkono unaziba matundu. Sadini wamelazwa kwenye masanduku ya barafu, mikunga wamerundikwa kando, na shakwe wanaiba mbele ya mwenye mali bila haya. Hatua chache mbele, mafundi wanaunda chombo kikubwa cha mbao. Mkuku umeshalazwa, mataruma ya mkaratusi yamesimama yakingoja mbao, na kalafati itafuata. Fundi wa Nungwi au wa Matondoni angeokota nyundo akaendelea na kazi, hata kama Kiarabu cha Moroko hakimwingii.

Ajabu ni kwamba mji huu haukujengewa watu hawa. Sultani Sidi Mohammed ben Abdallah alipouanzisha katika miaka ya 1760 alikuwa akitafuta ushuru. Biashara ya Agadir, kusini zaidi, ilikuwa ikiwanufaisha wapinzani wake, naye akataka ipite mahali atakapoishika mwenyewe. Akamtumia Mfaransa Théodore Cornut kuchora mji, ndiyo maana mitaa yake mikuu imenyooka kuliko ile ya Fez. Akawaita wafanyabiashara wa Kiyahudi, akawapa nyumba na mtaji, na wao wakawa mkono wake wa kuuza na kununua. Misafara ilileta kutoka upande wa Timbuktu manyoya ya mbuni, gundi, dhahabu na watumwa. Kizazi cha watumwa hao ndicho kilichowaachia Moroko muziki wa Gnawa, ambao tangu 1998 una tamasha lake hapohapo Essaouira. Maelfu hucheza usiku kucha. Sijui ni wangapi kati yao wanaokumbuka ngoma ile ilifikaje.

Kisha fedha zikahama. Meli za mvuke zilikuwa kubwa mno kwa ghuba yenye maji haba, na Wafaransa walipoitwaa nchi mwaka 1912 wakaijenga Casablanca. Matajiri wakafuata bandari mpya. Wayahudi, ambao zamani walikaribia nusu ya wakazi, waliondoka kwa wingi baada ya 1948. Aliyebaki ni mvuvi, kwa sababu samaki hawakuhamia Casablanca.

Unesco iliutia mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, mwaka uleule wa Mji wa Kale wa Lamu. Tangu hapo mambo yanafanana mno. Nyumba za kale zinageuzwa hoteli, kuta zinapakwa chokaa upya, na bei zinapanda. Wakaguzi wa urithi ni hodari wa kupima mlango na lipu. Sijasikia wakiuliza kama mvuvi bado anamudu kodi ya chumba ndani ya ukuta anaopigiwa picha nao. Kwangu mimi hilo ndilo lingekuwa swali la kwanza.

Lamu wanajua maana ya mvuvi kusahauliwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu huko Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe Sh1.76 bilioni kwa madhara ya bandari mpya ya Lamu. Ilibidi waende kortini ndipo ikubalike kwamba na bahari ni shamba la mtu.

Essaouira angalau haijawafukuza wavuvi mbele ya macho ya wageni. Bandari ipo ubavuni mwa mji mkongwe, na mtalii anayetoka kwenye mgahawa lazima apishane na mkokoteni unaochuruzika maji ya samaki. Watakaopata nafasi ya kuisafisha, kama wasemavyo maofisa wa mipango, wasiiguse. Upepo wa pale ni mkali hata wanaotaka kuota jua hushindwa kulala ufukweni, nami nashuku umewasaidia wavuvi kuliko sheria yoyote: umeziweka mbali hoteli nyingi za ufukweni.

Mwenzangu mmoja wa safari alilalamika kutwa kuhusu harufu. Nilimwonyesha stendi. Basi la Marrakech ni mwendo wa saa tatu, na huko hakuna bahari.