Kupima kompyuta ni kazi, ilipwe

Katika saiba za Kangemi na Kawangware, ambako kila Juni watu humiminika kuwasilisha ritani za KRA kabla ya tarehe 30, kompyuta kuukuu ya mezani ikikataa kuwaka ni riziki iliyosimama. Mwenyewe huipakia kwenye matatu hadi Luthuli Avenue au Moi Avenue, na huko ni rahisi mno aambiwe mazabodi imeungua. Siwaiti mafundi wezi. Kasoro iko katika malipo: fundi akipima saa nzima kisha agundue kebo tu ndiyo imelegea, mteja hushukuru na kwenda zake. Anayelipwa kwa kipuri pekee atavutika kuuza kipuri. Kupima kulipiwe peke yake.

Mashine yenyewe ni shahidi. Nyingi hufuata muundo wa ATX ulioanza 1995: pawa saplai hupokea stima ya volti 240 na kutoa 12, 5 na 3.3, na maadamu imechomekwa huendelea kutoa volti 5 za kusubiri hata kompyuta ikiwa imezimwa. Fundi akiitenganisha na mazabodi na mita bado isione volti hizo, basi kasoro iko kwenye soketi, kebo au pawa saplai. Mazabodi haina kesi ya kujibu. Kapasita zilizovimba, ugonjwa mkubwa wa mashine za mwanzoni mwa miaka ya 2000, huonekana kwa macho. Swichi nyekundu ya nyuma ikiwa kwenye 115, kama ilivyotumika Marekani, soketi yetu huweza kuiua pawa saplai papo hapo. Na katika nchi ambayo Agosti 25, 2023 ilikosa stima karibu yote, sehemu inayopokea stima ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Wapo watakaosema mteja hatalipia jibu lisilo na kipuri. Mbona hospitalini tunalipia vipimo hata majibu yakitoka safi? Hoja nzito zaidi ni kwamba mashine hizi zimepitwa, hasa baada ya Microsoft kukomesha huduma za Windows 10 Oktoba 14, 2025. Ni kweli baadhi hazistahili gharama, lakini hilo nalo hujulikana kwa kupima. Linux haiuzwi, na kwa kazi za eCitizen inatosha. Computers for Schools Kenya, iliyoanzishwa 2002, ilijenga kazi yake juu ya kompyuta zilizokwisha kutumika, na shule zikafaidika.

Kwa hiyo bei ya kupima ibandikwe dukani kando ya bei ya ramu, na mteja aonyeshwe namba kwenye mita kabla ya kutoa pesa. Pawa saplai yenyewe asiifungue nyumbani. Kapasita zake huweza kubaki na stima hata baada ya kuchomolewa. Lakini kuhamisha kebo kwenye soketi nyingine kabla ya kupanda matatu hakuhitaji fundi.