Injini Kuukuu ya Boti Isitupwe

Ukizungumza habari za boti mjini Garissa, wengi watakucheka. Watakuambia kwamba hii ni nchi ya ngamia na ng'ombe, na mambo ya boti waachiwe watu wa Lamu na Kisumu. Lakini kicheko hicho hukoma kila Mto Tana unapofurika. Mwaka 1961, mwaka 1997 wakati wa mvua za El Niño, mwaka 2018, na tena 2023 na 2024, maji yaliacha njia yake yakaingia mashambani na majumbani. Aprili 2024 barabara ilikatika pale Kona Punda, kati ya Madogo na Garissa, abiria wakavuka kwa boti. Boti moja ilizama na roho za watu zikapotea.

Sisemi kwamba injini ndiyo iliyoleta msiba ule. Nasema kwamba siku ya gharika boti ndiyo barabara yetu, na barabara haitengenezwi siku ya safari.

Desturi yetu ni mbaya. Maji yakipungua, injini hutupwa pembeni mwa bohari, petroli ingali ndani, hata kuku hutaga juu yake. Mvua ikirudi, kamba huvutwa mpaka mkono uchoke, kisha husemwa: "Imezeeka hii, tununue mpya." Mimi sikubali. Nyingi ya injini hizo hazikufa kwa uzee, bali ziliuawa na kiangazi.

Tangu Ole Evinrude, Mmarekani mzaliwa wa Norway, alipounda injini yake ya kupachika nyuma ya boti mwaka 1909, misingi ya mashine hizi haijabadilika sana. Zile za zamani, za kuchanganya petroli na oili, hazina mambo ya kompyuta. Fundi wa pikipiki mwenye akili hataona ugeni mkubwa ndani yake.

Petroli iliyolala muda mrefu huacha utando kama gundi ndani ya kabureta. Yafaa imwagwe kabla ya injini kuwekwa. Ikiwa pistoni imekwama, kamba isivutwe kwa nguvu: toa plagi, tia oili kidogo katika silinda, iache ilale, kisha izungushe polepole. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, jua kwamba maji yameingia. Na kwa kuwa injini hupozwa kwa maji ya mto, tope la Tana hula mpira wa pampu. Mpira huo ni kitu kidogo, lakini ukichakaa injini huungua. Kila baada ya kazi injini iwashwe ndani ya pipa la maji safi mpaka mchanga utoke, kisha ihifadhiwe wima.

Kazi hizi hazihitaji utajiri. Zahitaji mtu mmoja ambaye injini ni amana yake, mwaka mzima, mvua na jua.

Tuna wa kujifunza kwao. Wamunyoyaya na Wamalakote wa kandokando ya Tana waliuvuka mto huu kwa mtumbwi na upondo kabla lami haijafika. Mtumbwi kwao una mwenyewe, naye hangoji mafuriko ndipo autazame. Hekima hiyo yafaa ihamie kwenye injini. Wazee hao waungane na vijana wa Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha North Eastern, kilicho papa hapa Garissa. Kila kiangazi injini kuukuu zifunguliwe, zisafishwe na kujaribiwa. Kijana atapata ufundi, mzee atapata heshima, na mji utapata boti.

Wako watakaosema kwamba chuma cha zamani hakiaminiki. Ni kweli, chuma kilichotelekezwa hakiaminiki, kiwe cha zamani au cha jana. Tena injini nzima haiondoi haja ya jaketi za kuokolea wala haimpi nahodha ruhusa ya kujaza watu kupita kiasi. Lakini boti iliyozimika katikati ya mkondo haina usukani, na abiria wake hawana la kufanya ila dua.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jua likiwaka ndio wakati wa kuziba, kwa maana Tana ikijaa haitangoja spea zije kutoka Mombasa.