Kalamu Inayogawa Mapato Imo Mikononi mwa Nani?

Kila yanapowadia majira ya bajeti, mimbari zetu hurindima. Tunalalamikia barabara za Mandera, maji ya Wajir, zahanati za Tana River. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini, ndugu zangu, malalamiko hayajabadilisha hata nukta moja katika kanuni ya kugawa mapato, kwa kuwa kanuni hiyo haiandikwi katika mikutano ya hadhara. Huandikwa ofisini, na watu waliosomea kuiandika.

Wazee wanaukumbuka Waraka wa Kikao Nambari 10 wa mwaka 1965. Waraka ule ulielekeza kwamba fedha za maendeleo zipelekwe pale zitakapozaa kwa wingi zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha na njia za usafiri. Kwa maneno hayo machache kaskazini ya Kenya ikahukumiwa bila kusikilizwa. Mwaka huo huo mtu mmoja aliujibu waraka huo katika jarida la East Africa Journal. Alikuwa Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, naye alikuwa amerejea kutoka Harvard alikosomea uchumi. Hakuisemea kaskazini, wala haikuwa kazi yake kuisemea. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kuwajibu wachumi kwa lugha ya wachumi. Je, sisi tulimtuma nani?

Wala msidhani hayo ni ya kale. Katiba ya 2010, ibara ya 204, iliunda Mfuko wa Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa, kwa ajili ya maeneo yaliyoachwa nyuma. Mwaka 2013 Tume ya Ugavi wa Mapato ilizitaja kaunti 14 za kufaidika, zikiwemo Mandera, Wajir, Garissa, Tana River, Lamu, Kwale na Kilifi. Mwaka 2018 kipimo kikabadilishwa. Haikuwa kaunti tena bali maeneo madogo madogo, na orodha ikawa ya maeneo 1,424 katika kaunti 34. Hatusemi kwamba palikuwa na hila, maana fukara yuko kila upande na hoja ya kumfuata alipo ina uzito wake. Tunachosema ni kwamba mfuko ni ule ule na wagawiwa wameongezeka. Ni wangapi miongoni mwetu waliousoma waraka ule na kuupima kwa hesabu kabla haujapita? Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa wiki nyingi juu ya kanuni iliyotaka kuipa idadi ya watu uzito zaidi, na kaunti za kaskazini na pwani zilikuwa miongoni mwa zile ambazo zingepoteza mabilioni. Maseneta wetu walipiga kelele, na walistahili kupiga. Ila jedwali lililokuwa mezani lilitengenezwa na wengine.

Kutengeneza jedwali la namna hiyo kunahitaji takwimu, uchumi na tathmini ya bajeti, elimu inayopatikana katika shahada ya uzamili ya sera za umma. Na hapo ndipo vijana wetu wanapokatikia njiani. Mtazameni kijana wa Wajir. Mwaka 2020 walimu wasio wenyeji waliondolewa kwa mashambulizi, akabaki na darasa lisilo na mwalimu wa hisabati. Chuo kilichoko jirani, cha Garissa, kimekuwa chuo kikuu kamili mwaka 2017 tu, miaka miwili baada ya damu ya watu 148, wengi wao wanafunzi, kumwagika humo. Akishinda yote hayo akapata shahada ya kwanza, basari humwishia, harambee humwishia, na nyumbani wanamngojea alete mshahara. Bodi ya mikopo inakopesha wa uzamili pia, lakini mkopo una riba, na yeye anaiogopa. Basi anarudi zake dukani kwa ami yake. Kisha tunaambiwa kuwa waliofaa hawakujitokeza!

Kamati za misikiti nazo zina hesabu ya kutoa. Tunachangisha mamilioni kwa mnara wa pili na zulia jipya, hali nyumba za wakfu zinaingiza kodi kila mwezi. Atakayesema, "Tutamsomesha, naye aajiriwe Nairobi atusahau," tunamjibu kwamba tusiyemsomesha hana hata cha kusahau. Msikiti mmoja na mwanafunzi mmoja, wa kiume au wa kike: karo, malazi, na miezi michache ya kufundishwa takwimu kabla hajaomba nafasi, ili asiingie darasani akiwa nyuma ya wenzake.

Kanuni ya nne ya ugavi inakwisha na mwaka wa fedha wa 2029/30. Uzamili ni miaka miwili. Kamati ya msikiti wako imekwisha kumteua nani?