Dawa za wagonjwa zisimwagwe vidimbwini

Huenda msomaji akashangaa daktari wa binadamu anatafuta nini katika vidimbwi vya kamba. Mara kwa mara huja kwangu mgonjwa mwenye maambukizi ya mkojo ambaye tayari amemeza dawa aina mbili bila nafuu. Viini vimezizoea. Wataalamu walikadiria kuwa mwaka 2019 bakteria sugu waliua watu milioni 1.27 duniani.

Lawama ni yetu madaktari na ya wenye maduka ya dawa, lakini wafugaji nao wana fungu lao. Huko Asia, waliosongamanisha kamba katika vidimbwi walitumia antibiotiki ili wasife. Mnamo 2001 na 2002 wakaguzi wa Ulaya walikuta kloramfeniko katika kamba kutoka China na Vietnam. Dawa hiyo, kwa watu wachache, huharibu uboho wa mifupa hadi mwili ushindwe kutengeneza damu.

Na kamba wenyewe hawakuokoka. Ugonjwa uliozuka China mwaka 2009, kisha ukaingia Vietnam na Thailand, ulifyeka vidimbwi vizima, mara nyingi kabla ya vifaranga kumaliza mwezi mmoja na siku chache majini. Mwaka 2013 Donald Lightner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walionyesha kuwa chanzo ni bakteria wa jamii ya Vibrio. Jamii hiyo ndiyo yenye kiini cha kipindupindu.

Probiotiki ni njia nyingine. Mfugaji hutia majini au katika chakula bakteria wasiodhuru, hasa wa jamii ya Bacillus. Hawa huozesha mabaki ya chakula na kinyesi chini ya kidimbwi, hugombania riziki na Vibrio, na baadhi yao hutoa kemikali za kumzuia. Anayekunywa mursik au maziwa lala ataelewa upesi: bakteria wanaochachusha maziwa hayo hawawaachii nafasi wale wa kuyaozesha.

Siwapigii debe wauzaji. Si kila unga wenye picha ya kamba kwenye paketi una bakteria hai wa kutosha, na hakuna unga utakaofidia maji machafu na msongamano. Isitoshe, bakteria anayetiwa majini akiwa sugu kwa dawa anaweza kuwaambukiza wenzake usugu huo. Tutakuwa tumerudi pale pale.

Pwani yetu bado haina vidimbwi vingi vya kamba, ingawa ufugaji huo ulijaribiwa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, miongo kadhaa iliyopita. Kwa hiyo bado tunaweza kuweka masharti mapema. Muuzaji wa probiotiki aandike jina la bakteria na idadi ya walio hai, na aonyeshe matokeo ya maabara kuhusu usugu. Naye mkaguzi akikuta tetrasaiklini katika ghala la chakula cha kamba, adai cheti cha daktari wa mifugo papo hapo.