Mwalimu, Mwanafunzi na Mashine ya Kuandika

Mwezi wa Januari 2023 wakuu wa elimu wa mji wa New York, Marekani, waliizuia programu ya ChatGPT katika kompyuta za shule zao. Mwezi wa Mei mwaka ule ule wakaliondoa katazo hilo. Twaona hapa funzo kwa walimu na wazazi: katazo peke yake halitoshi, mazungumzo yatakikana.

Baadhi ya walimu hutegemea programu za kubainisha kazi iliyoandikwa na mashine. Lakini OpenAI, kampuni iliyoitengeneza ChatGPT, iliiondoa programu yake ya namna hiyo mwezi wa Julai 2023, kwa kuwa usahihi wake ulikuwa mdogo. Basi mwalimu amwitaye mwanafunzi mwongo kwa ushahidi huo aweza kumdhulumu asiye na kosa. Na imani ikishavunjika, ni taabu kuiunga.

Twawashauri walimu waseme mapema, kabla ya kutoa kazi, ni wapi mashine yaruhusiwa, wapi hairuhusiwi, na kwa nini. Waeleze kwamba mashine hii hupanga maneno kwa kukisia lifuatalo. Ndiyo maana huweza kutaja vitabu visivyopata kuandikwa. Na wakishuku, wamtake mwanafunzi kwa upole aieleze kazi yake kwa kinywa chake.

Nanyi vijana, mkiulizwa semeni kweli. Insha hutolewa ili akili ifanye kazi. Aiachiaye mashine huenda akapata alama, lakini elimu humpita.