Pesa ya Safari Isikae kwa Simu Moja

Ukisema familia iende mbuga ya wanyama, wengi hapa Karurumo watakujibu: hiyo ni ya watalii. Mimi sikubaliani. Mbuga ya Kitaifa ya Meru iko upande wetu huu huu. Unapita Chuka, Nkubu na Meru mjini, unapanda hadi Maua, kisha unateremka kwenye nyika yenye joto hadi geti la Murera. Mara nyingi kinachotukwamisha ni kungoja pesa zote zipatikane kwa mpigo Desemba, wakati karo ya Januari tayari inabisha hodi.

Kuna wanaotaka jangwa kabisa. Lipo: Sibiloi, mashariki mwa Ziwa Turkana, ng'ambo ya Chalbi. Lakini hiyo ni safari ya siku kadhaa na gari la nguvu. Ukiwa na watoto na cucu, anza na Meru. Ni nchi kavu, kilomita za mraba karibu 870, ila ina vijito vinavyotoka milima ya Nyambene, kwa hivyo wanyama wapo. Kuna hifadhi ya vifaru, na pia kaburi la Elsa, yule simba wa Joy na George Adamson.

Changeni mapema. Watu wazima wanne wakiweka shilingi 500 kila mwezi, kwa miezi sita ni shilingi 12,000. Ziwekwe kwenye akiba ya simu, kando na pesa za matumizi. Zikikaa pamoja na za unga, zitaliwa na unga. Lengeni likizo ya Agosti: shule zimefungwa na barabara za mbugani ni kavu.

Lipeni kiingilio mkiwa nyumbani. Shirika la Wanyamapori, KWS, halichukui pesa taslimu getini. Malipo ni kwa eCitizen, na bei ya leo iangalie huko huko, si kwenye bango la WhatsApp. Raia hulipa kwa shilingi, kwa hivyo bebeni vitambulisho na vyeti vya watoto. Gari nalo hulipiwa kando. Nambari ya malipo ya serikali ni 222222. Mtu akikuambia utume kwa laini yake binafsi "akushikie nafasi", achana naye. Na kabla ya kuweka nambari ya siri, soma jina lililotokea kwenye skrini.

Gawanyeni pesa. Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Tumezoea kumtumia mtu mmoja kila kitu, kwa kawaida kaka mkubwa, halafu tunaingia garini bila wasiwasi. Kule chini mtandao hupotea, na simu inayotafuta mtandao kutwa nzima humaliza chaji haraka. Ikizima, watu kumi wamekwama na hela wanazo! Wekeni pesa kwa laini mbili au tatu, za kampuni tofauti mkiweza. Toeni taslimu kidogo Maua, ya maji, ndizi na pancha. Tiketi ichapishwe kwenye karatasi, na picha yake iwe kwenye zaidi ya simu moja.

Kuna sababu nyingine ya kugawanya, na kwangu ndiyo kubwa. Pesa ikishikwa na mmoja, maswali huanza mkirudi: mafuta yalikuwa ngapi, mbona salio limeisha? Nimeona undugu ukipoa kwa sababu ya elfu mbili. Kila mnapolipa, ujumbe wa malipo utumwe kwenye kundi la familia siku hiyo hiyo. Hiyo si kushuku mtu. Cucu akitoa mia tano yake ya kuuza maharagwe, ana haki ya kujua imeenda wapi.

Basi chagueni tarehe wiki hii, mfungue akiba, na kila mtu atume mchango wake wa kwanza. Hata mia mbili ni mwanzo.