Maoni: Tusing'oe pilipili iliyopandwa na ndege

Katika parseli nyingi za Goma na Bukavu, kando ya ukuta ao chini ya mti, huota pilipili ndogo kali ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Ndege ndiye aliyeileta: yeye hasikii ukali wake, humeza tunda na kuangusha mbegu ikiwa nzima. Sisi tunaing'oa kama majani mabaya, kisha tunakwenda sokoni kununua pilipili ya kulia sambaza.

Ni kosa. Mmea huo ukitunzwa huzaa miaka kadhaa, na mbegu yake ni ya bure. Mbegu za chotara za dukani, ukizipanda tena, hazikupi tunda lilelile. Tena barabara ikifungwa bei hupanda, lakini pilipili ya nyumbani haipiti barieri yoyote.

Mtu wa Goma atasema: kwetu chini ni mawe ya volkano. Ni kweli. Lakini ndoo iliyopasuka ao bidoni iliyokatwa, ukiitoboa chini na kuijaza udongo, inatosha. Acha tunda liive kabisa, kausha mbegu kivulini, zitunze pahali pakavu. Ukiwa na aina mbili, zipande mbalimbali, maana nyuki huzichanganya.

Halafu mpe jirani mbegu. Aina inayotunzwa na nyumba moja hupotea siku nyumba hiyo inapokimbia, na sisi huku tumekimbia mara nyingi.